Presha, Msukumo, Shinikizo: Historia ya Kipimo na Maneno Yake

UTANGULIZI

Katika kazi ya kuunda istilahi, aghalabu neno huletwa mezani likiwa peke yake. Huwa limeandikwa katika orodha, upande wa kushoto Kiingereza na upande wa kulia nafasi tupu. Mwenye kuijaza nafasi hiyo haoni mgonjwa wala muuguzi. Huona neno tu. Makala haya yanaeleza historia ya kipimo kimoja cha tiba na maneno yaliyofuatana nacho hadi kufika katika vitongoji vya Dar es Salaam. Yanakusudia kuonyesha kwamba istilahi iliyo sahihi mezani yaweza kumfukuza mtu mlangoni, na kwamba katika ugonjwa huu kumfukuza mtu mlangoni si jambo dogo.

Miaka michache iliyopita niliombwa kulisanifu tangazo la kuwaalika wakazi wa baadhi ya mitaa ya Temeke na Kinondoni waende kupimwa shinikizo la damu bila malipo. Tangazo la asili lilikuwa kwa Kiingereza, nalo lilisisitiza kwamba kipimo hicho hakiingii mwilini. Mimi niliandika: "upimaji wa shinikizo la damu usio wa uvamizi." Neno kwa neno, tafsiri hiyo ingeweza kutetewa mbele ya kamati yoyote. Siku ya upimaji nilikwenda Mbagala kuangalia kazi yangu. Chini ya mwarobaini, hatua chache kutoka kwenye meza ya wauguzi, walikuwa wameketi kina mama watatu wa makamo na bibi mmoja muuza maandazi. Hakuna aliyenyanyuka. Nilimwamkia bibi yule, nikamwuliza kwa nini hajaenda kupimwa. Akanijibu, "Marahaba, mwanangu. Damu yangu yenyewe haba, nikiwapa hawa itabaki nini? Na hapo wameandika habari za uvamizi."

Bibi yule hakukosea kusoma. Uvamizi anaoujua mkazi wa Mbagala ni wa majambazi, au ni wa viwanja. Na "kupima damu", kwa masikio yake, ni kuchomwa sindano na kutolewa damu. Maneno matatu niliyoyachagua kwa uangalifu, yaani kupima, damu na uvamizi, yalikuwa yamesimama mlangoni kama walinzi. Tangu siku hiyo nimejitahidi kuichunguza historia ya maneno haya, na matokeo yake ndiyo ninayoyaweka mbele ya wasomaji.

KIPIMO KILIVYOTOKA NDANI YA MWILI

Kwanza tujiulize kwa nini wataalamu waliona haja ya kusema kwamba kipimo hiki "hakiingii mwilini". Jibu ni kwamba hapo mwanzo kiliingia, tena kwa ukatili.

Mtu wa kwanza kuchapisha vipimo vya nguvu ya damu ndani ya mshipa alikuwa kasisi wa Kiingereza, Stephen Hales. Katika kitabu chake cha mwaka 1733 alieleza jinsi alivyomfunga farasi jike chini, akaufungua mshipa mkubwa wa paja, akachomeka bomba la shaba na kuliunganisha na mrija mrefu wa kioo. Damu ilipanda katika mrija ule hadi futi 8 na inchi 3, yaani takriban mita 2.5. Hapo ndipo binadamu alipoona kwa macho kwamba damu haitiririki tu. Inasukumwa, nayo inazisukuma kuta za mishipa.

Mrija wa mita mbili na nusu haufai hospitalini. Mwaka 1828 Mfaransa Jean Poiseuille alitumia zebaki badala ya kuiacha damu yenyewe ipande. Kwa kuwa zebaki ni nzito karibu mara 14 kuliko maji, mrija mfupi ulitosha. Kuanzia hapo nguvu ya damu ikahesabiwa kwa milimita za zebaki, na hesabu hiyo ndiyo tunayoitumia hadi leo. Hata hivyo mshipa ulikuwa bado unatobolewa, na kipimo kilibaki kuwa cha wanyama wa maabara.

Hatua kubwa ilikuwa kukitoa kipimo nje ya mwili. Mwaka 1881 Karl von Basch, aliyefanya kazi Vienna, alitengeneza kifuko cha maji kilichougandamiza mshipa wa kiwiko cha mkono mpaka mapigo yakapotea. Nguvu iliyohitajika kuyapoteza ndiyo iliyohesabiwa. Mwaka 1896 Mwitalia Scipione Riva-Rocci, katika mji wa Turin, alitengeneza mkanda wa mpira wa kuzungushwa kwenye mkono wa juu na kujazwa hewa. Vifaa vyake vilikuwa vya kawaida mno. Mpira wenyewe ulikuwa mpira wa ndani wa baiskeli. Mkanda wake ulikuwa na upana wa sentimita 5 tu, jambo lililofanya namba zitokee kubwa kuliko kweli, na muda si mrefu baadaye Mjerumani Heinrich von Recklinghausen aliupanua. Msomaji alikumbuke jambo hilo, kwani mpaka leo mkanda mwembamba kwenye mkono mnene humtia mtu ugonjwa asionao.

Kilichobaki kilikamilishwa mwaka 1905 na daktari wa Kirusi, Nikolai Korotkov, huko St Petersburg. Yeye aliweka kifaa cha kusikilizia juu ya mshipa, chini ya mkanda, akaiachia hewa polepole. Kwanza hasikii kitu. Kisha husikia mdundo. Mwisho mdundo hutoweka. Namba ya zebaki wakati mdundo unapoanza ni ya moyo unapojikunja na kusukuma. Namba wakati mdundo unapotoweka ni ya moyo unapolegea na kujaa. Kwa njia hiyo kipimo kimoja kikatoa namba mbili. Mashine za betri tunazoziona siku hizi hazisikilizi mdundo. Huhisi mtikisiko wa hewa iliyomo ndani ya mkanda na kukadiria namba kutokana nao. Lakini mkanda ni ule ule wa Riva-Rocci.

Basi kwa mtaalamu wa Ulaya, kusema "kipimo kisichoingia mwilini" ni kukumbuka ushindi wa karne nzima juu ya kisu na bomba. Kwa mkazi wa Temeke asiyeijua habari ya farasi wa Hales, maneno hayo hayamkumbushi ushindi wowote. Humletea wazo la kuingiliwa ambalo hakuwa nalo.

KUTOKA NAMBA HADI UGONJWA

Kupatikana kwa kipimo hakukuwa kupatikana kwa ugonjwa. Mwanzoni mwa karne ya 20, miongoni mwa waliokipenda kipimo hiki yalikuwa makampuni ya bima ya maisha ya Marekani, yaliyogundua kwamba watu wenye namba kubwa, ingawa wanajiona wazima, hufa mapema. Hata hivyo madaktari wengi waliendelea kuamini kwamba mwili huongeza nguvu ya damu kwa sababu unaihitaji, na kwamba kuipunguza ni hatari. Uchunguzi wa muda mrefu ulioanza mwaka 1948 katika mji wa Framingham, Marekani, ulionyesha uhusiano wa namba hizo na maradhi ya moyo na kiharusi. Mwaka 1967 jaribio la dawa lililofanywa kwa askari wastaafu wa Marekani lilithibitisha kwamba wenye shinikizo kubwa wakitibiwa huokoka na madhara mengi.

Mwaka huo wa 1967 una maana nyingine kwetu. Ndio mwaka ambao Bunge lilipitisha sheria ya kuunda Baraza la Kiswahili la Taifa. Yaani dunia ilipopata hoja madhubuti ya kumtafuta mgonjwa kabla hajajijua, taifa letu lilikuwa ndiyo kwanza linapata chombo cha kuitafutia hoja hiyo maneno.

Haikutarajiwa kwamba maneno hayo yangekuwa ya kwanza kutafutwa. Maradhi yaliyowakabili wananchi wakati ule yalikuwa mengine. Kampeni kubwa ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyowakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kusoma vitabu, ilihusu maradhi kama malaria, safura, kichocho na kifua kikuu. Hayo yalikuwa na majina ya kale, na dalili zake kila mtu alizijua. Shinikizo la damu halikuwa na jina la kale kwa sababu halina dalili. Mtu huweza kuwa nalo miaka kumi akilima, akibeba mizigo na kucheza ngoma. Watangulizi wetu waliyajua matokeo yake, hasa kiharusi. Hawakuwa na njia ya kukijua chanzo.

TAKWIMU ZA NYUMBANI

Katika miaka ya 1990 palianza kupatikana ushahidi wa hapa hapa. Mradi wa kuchunguza maradhi na vifo vya watu wazima, ulioanza mwaka 1992 katika sehemu za Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini, uliwahoji jamaa za marehemu ili kujua sababu za vifo vilivyotokea nyumbani. Mfasiri atambue uzito wa kazi hiyo: mahojiano kama hayo husimama juu ya maneno. Jamaa hataji ugonjwa kwa jina la kitabuni. Husema marehemu alipooza upande, mdomo ukaenda kando, hakusema tena.

Mwaka 1996 na 1997 watafiti waliwapima watu wazima 770 wa Ilala, Dar es Salaam, na 928 wa kijiji cha Shari, Hai. Waliokutwa na shinikizo la kuanzia 140 kwa 90, au wanaotumia dawa, walikuwa karibu asilimia 30 katika sehemu zote mbili. Katika hao, waliokuwa wakijijua hawakufika asilimia 20. Waliokuwa wakitibiwa walikuwa kama asilimia 10. Na ambao shinikizo lao lilikuwa limedhibitiwa hawakufika hata asilimia 1. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban asilimia 26 ya watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64 wakiwa na shinikizo la juu.

Mavuno ya kutojijua ni kiharusi. Utafiti wa mwaka 2003 hadi 2006, uliochapishwa mwaka 2010, ulipata kwamba baada ya kusawazisha umri, watu wanaopatwa na kiharusi kwa mara ya kwanza kila mwaka ni 108.6 kwa kila 100,000 katika Hai, na 315.9 kwa kila 100,000 katika Dar es Salaam. Namba hiyo ya Dar es Salaam ni kubwa hata ikilinganishwa na nchi tajiri. Nao utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba wakati watu wa Hai walikieleza kiharusi kwa sababu za kimwili, wengi wa Dar es Salaam walikihusisha na mapepo na uchawi. Kwa hiyo pale palipo na hospitali nyingi zaidi ndipo jina la ugonjwa lilipokuwa mbali zaidi na chanzo chake. Kwa wakuza lugha hili si jambo la kupita bila kulitafakari.

Kuna uchunguzi mwingine wa Dar es Salaam ambao hauna budi kutajwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990, watu zaidi ya 9,000 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walipimwa nyumba kwa nyumba. Baadhi ya waliokutwa na namba kubwa walirudiwa mara kadhaa, na ikaonekana kwamba wengi namba zao zilishuka zenyewe siku za baadaye. Waliobaki na namba kubwa walishauriwa kwenda kutibiwa. Baada ya miezi 12, kama theluthi moja tu walikuwa wamekwenda kwa mganga wa hospitali au zahanati, na waliokuwa bado wanatumia dawa walikuwa wachache mno. Kipimo kilifika mlangoni, matibabu hayakufuata. Umaskini na bei ya dawa vina sehemu yao katika jambo hilo, wala makala haya hayadai kwamba neno jema hununua dawa. Lakini mtu aliyeambiwa jambo asilolielewa hana sababu ya kutoa nauli ya kulifuata.

MANENO MANNE KATIKA KITI KIMOJA

Sasa tuyaangalie maneno yenyewe. Katika kiti kimoja wameketi wanne.

La kwanza ni presha. Limetoka katika Kiingereza, likavaa vazi la Kiswahili, na leo halihitaji mkalimani kuanzia Tandale hadi Mtoni. Kosa lake ni ukarimu wake kupita kiasi. Presha ni ugonjwa, ni kipimo, ni wasiwasi, ni haraka, ni shinikizo la kazini. Mtu husema "usinipe presha" akiwa na maana ya "usinisumbue". Kutokana na hayo wengi huamini kwamba presha huletwa na mawazo tu, na kwamba mtu asiye na wasiwasi hana presha. Kadhalika husemwa presha ya kupanda na presha ya kushuka, kana kwamba ni magonjwa mawili ndugu yanayopokezana. Na aliyeambiwa leo kwamba presha yake imeshuka huona ameingia katika ugonjwa wa pili, akaacha dawa.

La pili ni msukumo wa damu. Ni neno zuri kwa kueleza kazi ya moyo, lakini linaeleza mwendo, na kinachopimwa si mwendo wa damu bali nguvu inayogandamiza ukuta wa mshipa.

La tatu ni kanieneo, lililoundwa kwa kani na eneo kwa ajili ya fizikia. Kwa mwalimu wa sayansi ni hazina, kwa sababu linabeba fasili yake mgongoni: kani inayogawanywa kwa eneo. Lakini sijamsikia muuguzi hata mmoja akimwambia mgonjwa kanieneo yake ni kubwa, wala simshauri afanye hivyo.

La nne ni shinikizo. Hili lina ukoo wa heshima. Kamusi za zamani zinalitaja kuwa chombo cha kukamulia mafuta au miwa, na ni jamaa wa kushindika, kama tunavyosema mafuta ya kushindika. Ndani yake kuna picha ya kitu kinachogandamizwa mpaka kitoe kilichomo. Hivyo picha yake inakaribia ukweli wa mshipa kuliko ilivyo ya msukumo. Ndilo lililokubalika katika vitabu, redioni na katika nyaraka za afya.

Hata hivyo shinikizo la damu limepata ajali moja katika matumizi. Tunasema "ana shinikizo la damu" tukimaanisha ni mgonjwa. Lakini kila aliye hai ana shinikizo la damu. Asiye nalo amekwisha kuzikwa. Jina la kipimo limegeuka kuwa jina la ugonjwa. Matokeo yake mtu akialikwa "kupimwa shinikizo la damu" husikia akialikwa kuambiwa kwamba ni mgonjwa, na asiyeumwa huona mwaliko si wake. Ilhali mwenye kualikwa hasa ndiye huyo asiyeumwa.

NENO KUPIMA

Neno kupima nalo lina historia yake ya karibuni. Zamani fundi alipima ubao, mwuzaji alipima mchele, daktari alipima joto. Baada ya wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kugunduliwa nchini, mkoani Kagera, mwaka 1983, na hasa baada ya huduma za upimaji kuenea, kupima kulipata maana ya kusimama peke yake. "Umepima?" likawa swali lisilohitaji kutaja kinachopimwa. Tarehe 14 Julai 2007 Rais Jakaya Kikwete alizindua kampeni ya taifa ya upimaji wa hiari, yeye mwenyewe akapima hadharani. Kampeni hiyo ilileta faida kubwa, na pia iliimarisha maana hiyo mpya ya neno. Neno hilo lilipoungana na damu katika tangazo langu, watu wa Mbagala walikuwa na haki ya kusikia jambo ambalo sikulikusudia: sindano, siri na hukumu.

Jambo la pili ni kwamba kupima kumefanywa kubeba kazi tatu zilizo mbali mbali. Kuna kuwapita watu wengi wasio na dalili ili kuwatenga wenye namba za kutiliwa shaka. Kuna kurudia kipimo siku nyingine ili kuthibitisha. Na kuna kufuatilia aliyekwisha kuanza dawa. Uchunguzi wa nyumba kwa nyumba niliokwisha kuutaja umeonyesha kwamba anayefanya kazi ya kwanza akadhani amefanya ya pili huwatia watu wengi ugonjwa wasio nao. Tusipokuwa na maneno matatu, kosa hilo litatendeka kila siku mezani kwa muuguzi, na pia kwa vijana wa vituoni wenye mashine mkononi, ambapo abiria aliyekimbilia daladala hupimwa kabla hajapumua.

NAMBA MBILI

Lipo pia tatizo la namba mbili. Kitabuni zinaitwa ya sistoli na ya diastoli. Wauguzi, kwa kutaka kurahisisha, huziita "ya juu" na "ya chini", kwa sababu ndivyo zinavyoandikwa: moja juu ya mstari, nyingine chini yake. Lakini tumekwisha kuona kwamba mitaani kuna presha ya juu na presha ya chini. Mtu akiambiwa "ya juu ni 120, ya chini ni 80", huweza kurudi nyumbani akisimulia kwamba ana zote mbili. Hapo muuguzi hakukosea na mgonjwa hakukosea, maneno yamegongana.

Kipimo kinachotumika, milimita za zebaki, nacho kina ajabu yake. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliazimia kukomesha utengenezaji na uuzaji wa vifaa vya zebaki vya kupimia shinikizo ifikapo mwaka 2020, kwa kuwa zebaki ni sumu. Zebaki inaondoka hospitalini, lakini jina lake linabaki katika hesabu, kama vile tunavyosema nguvu za farasi katika gari lisilo na farasi. Hakuna ubaya, mwalimu awaeleze tu wanafunzi wake sababu.

MAPENDEKEZO

Kutokana na maelezo haya, napendekeza mambo yafuatayo yajadiliwe na wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wanaoandika matangazo.

Kwanza, shinikizo la damu libaki kuwa jina la kipimo ambacho kila mtu anacho, na ugonjwa uitwe shinikizo la juu la damu pasipo kufupishwa. Neno presha lisifukuzwe. Katika tangazo la wananchi litangulie, na istilahi sanifu ifuate, ili mtu aingie kwa mlango anaoujua na kutoka na neno jipya.

Pili, mahali pa "usio wa uvamizi" pawe na upimaji wa nje ya mwili, na katika matangazo yaongezwe maneno haya wazi: bila sindano wala kutoa damu. Mfasiri asione haya kutumia maneno matano mahali pa moja.

Tatu, kazi tatu zipewe majina matatu: uchunguzi wa awali, uthibitisho, na ufuatiliaji. Lengo lake, yaani kuujua ugonjwa kabla haujadhuru, liitwe utambuzi wa mapema. Msemo wa "muuaji wa kimyakimya" uliofasiriwa kutoka ng'ambo utumiwe kwa kiasi. Hutisha pasipo kuelekeza, na mtu aliyetishwa hukimbia.

Nne, namba ziitwe ya kwanza na ya pili: ya moyo ukisukuma, na ya moyo ukipumzika.

Tano, maelekezo ya upimaji yaandikwe kwa lugha ya vitendo: keti kwa dakika tano, egemea, usivuke miguu, weka mkono usawa wa moyo, usiongee, mkanda ukutoshe, na kipimo kirudiwe. Hapa hapahitajiki istilahi hata moja, na yumkini ndiyo sehemu yenye manufaa kuliko zote.

HITIMISHO

Tangazo la Mbagala liliandikwa upya. Lilisema: "Njoo tukuangalie presha (shinikizo la damu) kwa mkanda wa mkononi. Hakuna sindano, hakuna kutoa damu. Hata kama huumwi, njoo." Nilirudi mara ya pili. Bibi muuza maandazi alikuwa ameketi kitini, mkono juu ya meza, mkanda umejaa hewa. Namba zake zilikuwa kubwa. Muuguzi alimwambia kwa upole, "Bibi, leo hatujasema wewe ni mgonjwa. Tutakuona tena keshokutwa, na wiki ijayo." Bibi akauliza ile ya pili ni ya kitu gani, akaelezwa ni ya moyo ukipumzika. Akasema, "Kumbe hata ukipumzika unafanya kazi." Alirudi siku zote mbili, akaandikiwa dawa. Siwezi kudai kwamba ni tangazo lililomwokoa, maana jirani yake alikuwa amemsihi pia. Ninachoweza kusema ni kwamba mara hii maneno hayakumzuia.

Wasomaji wenye uzoefu wa maneno yanayotumika katika zahanati na shule za sehemu nyingine, Bara na Visiwani, wanaombwa watuletee, pamoja na mifano ya jinsi yanavyotamkwa na wagonjwa wenyewe. Orodha ya istilahi hukamilishwa na wale wanaozitumia.